Vyote Viko Kwenye Laini

"Elfu kumi ya nini?" Mzee Mbwana aliuliza, na mkono wake, uliokuwa njiani kuichukua simu mpya, ukasimama juu ya meza ya kioo.

"Ya kuseti, baba," alisema Noela, msichana wa dukani. "Nakufungulia, nakuwekea imeili, WhatsApp, tarehe, kila kitu. Ukitaka nikuhamishie na vitu vya simu ya zamani, inakuwa ishirini yote kwa pamoja."

"Simu si nimeshalipa?"

"Simu umelipa. Kuseti bado."

Mbwana akawageukia wateja wawili waliokuwa wanachagua makava ya simu, kama mtu anayetafuta mashahidi. "Jamani, siku hizi mtu akinunua kanzu analipishwa na kuivaa?"

Wale wateja wakacheka. Mmoja akasema juzi alitozwa hela ya kubandikiwa protekta ya kioo aliyoinunua humo humo dukani, na mwenzake akajibu kwamba tunakoelekea watatoza hata kuuliza bei. Kicheko kile kilimwingia Mbwana vizuri. Alikuwa kuli bandarini miaka yake yote ya nguvu. Sasa mgongo umekwisha, anakaa barazani kwake Temeke kuuza mkaa wa visado, na si mara nyingi watu wenye mashati safi hufurahia maneno yake. Mtu akishachekewa mzaha wake mbele ya watu, kurudi nyuma ni kazi.

Walikuwa wamekaa katika duka hilo, nyuma ya soko la Tandika, tangu asubuhi. Simu waliipata kwa mtindo wa kutop-up: unatoa ya zamani, unaongeza pesa, unaondoka na nyingine. Ya zamani ilikuwa ya mkewe, Mwanabaraka. Kioo chake kilikuwa na mstari wa kijani toka juu hadi chini, na haikukubali chaji mpaka waya ufungwe kwa mpira wa nywele. Pesa ya kuongeza ilitoka kwenye upatu wa wanawake wenzake wauza vitafunwa, zamu aliyoisubiri kwa muda mrefu.

Mwanabaraka akamvuta mumewe shati kwa nyuma. "Baba Raudha," alinong'ona, "na zile sauti?"

"Sauti ziko kwenye laini," Mbwana alisema, naye hakunong'ona. "Vitu vyote viko kwenye laini. Inatoka huku, inaingia huku. Nilipobadilisha simu yangu ya kitochi, majina si yalikuja yote?"

Hilo lilikuwa kweli. Majina yalikuja yote, hata la kinyozi wake aliyekwisha kufa. Moyo wa Mwanabaraka haukutulia, lakini ndoa ile ilikuwa na desturi yake: mume hasahihishwi mbele za watu, husahihishwa nyumbani, baada ya chakula, kwa upole. Akaliachia shati.

Noela alisikia yote. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, ingawa kumlaumu yeye peke yake ni uonevu. Msichana yule hakuwa na mshahara. Bosi wake, Albano, alimpa kiti cha plastiki, bisibisi, na nusu ya kila pesa ya kuseti. Siku wateja wakiondoka na simu zao kwenye maboksi, anarudi Mbagala mikono mitupu. Asubuhi ile alikuwa ameshaitwa mwizi na mteja mwingine, na sasa anachekwa. Sentensi moja ingetosha: baba, sauti hazikai kwenye laini. Isingemgharimu kitu. Lakini alikuwa amechoka kugawa bure kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza, akauliza tu kama alivyozoea kuuliza.

"Kwa hiyo hamhamishi kitu?"

"Hatuhamishi."

"Niifute hii ya zamani?"

"Mwanangu, wewe fanya kazi yako," alisema Mbwana, akawakonyeza wale wateja.

Noela akachomoa laini, akamtilia Mwanabaraka kiganjani. Kisha akabonyeza anakojua. Kioo chenye mstari wa kijani kikawa cheusi, kiduara kikaanza kuzunguka. Mwanabaraka alikitazama mpaka kikaisha, akaiaga simu yake kimoyomoyo, kwa maana ilimtumikia vizuri. Laini aliifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo.

Raudha alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani, akaugua huko, akafa huko, akazikwa huko, kwenye makaburi ambayo baba na mama yake hawatayaona. Sanduku lake lilirudi. Simu yake haikurudi.

Wenzao waliofiwa huenda makaburini Ijumaa, wakang'oa majani, wakasoma Yasini, wakarudi na vumbi miguuni na moyo umepungua uzito. Mwanabaraka hakuwa na majani ya kung'oa. Kwa hiyo kila Ijumaa, Mbwana akisharudi msikitini na chakula kikishaliwa, alikaa kwenye mkeka ukumbini, akaufunga waya kwa mpira, akafungua sauti ambazo Raudha alimtumia enzi za uhai wake, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

Zilikuwa sauti za mambo madogo. Raudha anauliza magoti ya mama yake. Raudha analalamika kwamba watoto wa tajiri wake hawali mboga. Katika moja anaongea kwa kunong'ona, na nyuma yake maji yanatiririka, labda alijificha bafuni. Aliyoipenda Mwanabaraka kuliko zote ni ile ya wali wa nazi, ambamo Raudha anacheka katikati ya maneno, kile kicheko chake cha kukatika pumzi alichokuwa nacho tangu utotoni.

Mbwana hakuwahi kukaa kwenye ule mkeka. Alikaa barazani na mkaa wake na redio, na kila Ijumaa, saa hiyo hiyo, redio ilipunguzwa sauti. Mwanabaraka alijua. Hawakuwahi kulizungumza.

Mstari wa kijani ulipoanza kunenepa, aliyekosa usingizi ni Mbwana. "Siku itazima moja kwa moja," alisema. "Tununue nyingine mapema, tusije tukampoteza mara ya pili." Hicho ndicho kilichowapeleka Tandika. Walikwenda kumwokoa binti yao.

Simu mpya ililala kwenye boksi lake mpaka Ijumaa, siku ambayo Hamida, mpangaji wa chumba cha uani, hakwenda saluni kwake. Hamida alikuwa binti mwepesi wa mkono na wa ulimi. Alivyosikia habari ya elfu kumi akasonya.

"Wezi hao, Mama Raudha. Kitu cha dakika mbili. Leta hapa, mie nakufanyia bure."

"Ndivyo nilivyowaambia," alisema Mbwana kutoka barazani, na katika sauti yake mlikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Hamida akatia laini. Akachagua Kiswahili, akafungua imeili mpya, akaweka WhatsApp, akaandika namba. Ujumbe wenye tarakimu ukaingia, akaunakili. Mwanabaraka alikuwa ameshaoga, ameshajitanda ushungi wake mweupe, amekaa mkekani miguu ameikunja upande mmoja. Nje redio ikapunguzwa.

"Haya, tayari," alisema Hamida, akampa.

Mwanabaraka akaitazama. Kioo kilikuwa kizuri, hakina mstari, na ndani yake hamkuwa na mtu.

"Raudha yuko wapi hapa?"

"Ngoja." Hamida akaichukua, akateremsha, akapandisha, akaingia huku na kutoka kule. Uso wake ulianza kubadilika, na aliposema tena alisema taratibu. "Mama, kule dukani waliwahamishia?"

"Laini si hiyo umeitia mwenyewe?"

"Laini ni namba tu, mama. Voisi zinakaa kwenye simu. Ile simu yenyewe iko wapi?"

Redio ilizimwa kabisa, kisha Mbwana akaonekana mlangoni, mikono yake myeusi kwa mkaa, anauliza kuna nini, na kutokana na namna alivyouliza Hamida akatambua kwamba mzee alikuwa ameshajua.

Hawakungoja jua lipoe. Walikwenda Tandika kwa miguu, Mbwana mbele na mgongo wake, Mwanabaraka nyuma na ushungi wake wa Ijumaa. Dukani simu yao ya zamani ilikuwa bado ipo, imepangwa kwenye kioo pamoja na nyingine za mkono wa pili. Mwanabaraka aliiona kabla hajavuka kizingiti, akatabasamu. Aliijua kwa ule mstari.

"Ile pale," alimwambia mumewe. "Haijauzwa. Alhamdulillahi."

Noela aliwaona, akasimama. Albano mwenyewe alikuwepo siku hiyo, kijana mnene wa kutoka Masasi, mwenye heshima nyingi mdomoni.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama. Niwasaidie nini?"

Mbwana akaeleza. Alieleza vibaya, akirudia rudia, na kila aliporudia alijiweka chini zaidi. Mwishowe Albano akaitoa simu kwenye kioo, akaiwasha. Ikaandika Karibu, ikauliza mwenyewe anataka lugha gani.

"Si mnaona? Imefutwa, mzee wangu. Simu ya kutop-up lazima ifutwe, ndiyo usalama wa mteja. Binti hakuwaambia habari ya kuhamisha?"

"Aliniambia."

"Akawaambia na bei?"

"Aliniambia."

"Sasa mzee wangu, kosa la duka liko wapi?"

Mbwana akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti zilizoviringishwa, pesa ya gunia jipya la mkaa. Akazilaza juu ya meza ya kioo, akazinyoosha kwa kiganja, zikabaki na alama nyeusi za vidole vyake. "Basi hamisha sasa. Nilikosea mwanangu, nilitaka kuchekesha watu. Chukua ishirini. Chukua na hiyo ya juu."

"Baba, weka hela yako," alisema Noela.

"Mjaribie tu," Albano akasema. "Kujaribu nako ni kazi." Akavuta noti moja, nyingine akazirudisha kwa ncha ya kidole.

Noela akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Aliuliza kama simu ya zamani ilikuwa na imeili, maana kama ilikuwa nayo, pengine sauti zilihifadhiwa huko. Mwanabaraka akasogea karibu. Ndiyo, ilikuwa nayo. Nani aliifungua?

"Raudha mwenyewe. Aliiseti kabla ya kusafiri. Alikaa na mie barazani mchana kutwa, ananifundisha. Hakunitoza kitu."

"Neno la siri mnalijua?"

"Analijua yeye."

Walijaribu. Walijaribu jina la mama, jina la baba, Temeke, mwaka wa kuzaliwa, jina la paka waliyekuwa naye zamani. Kila jina Mwanabaraka alilitaja polepole na kwa matumaini mapya, na kila mara simu ikakataa. Mwishowe ikasema itatuma tarakimu kwenye namba iliyoandikishwa pamoja na imeili, ikaonyesha namba mbili za mwisho. Mwanabaraka akazitambua. Alikuwa akiipiga namba hiyo ya Raudha kila siku miezi ile ya mwanzo ya msiba, na kila siku mwanamke wa kwenye simu alimjibu kwamba namba hiyo haipatikani.

"Haiwezekani, mama," alisema Noela.

"Jaribu tena."

"Ikikataa zaidi inajifunga."

"Jaribu Mwanabaraka kwa herufi ndogo."

Akajaribu. Ikajifunga.

Albano alikuwa ameshahamia kwa mteja mwingine, anamsifia simu yenye kamera tatu. Ile noti hakuirudisha. Kazi ilikuwa imefanyika.

Noela aliwafuata nje mpaka kwenye kibanda cha muuza mihogo. Mkononi alikuwa na elfu tano, sehemu yake ya ile kazi, akamnyooshea Mwanabaraka. Mwanabaraka hakuipokea. Alimtazama tu yule binti, aliyekuwa na umri kama wa Raudha siku aliyosafiri.

"Siku ile ulisikia nikiuliza habari ya sauti?"

Noela akaangalia chini. "Nilisikia."

"Ukajua haziko kwenye laini."

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza."

"Mlinicheka," alisema Noela, na machozi yakaanza kumtoka, si ya huruma peke yake, yalikuwa na uchungu wake mwenyewe ndani. "Kila siku mnanicheka. Mnaona kama naokota hela. Mie hapa silipwi, mama. Nikawaza, mzee mwenyewe anajua kila kitu, acha ajue."

Mbwana alikuwa amesimama kando, anautazama mfereji wa maji machafu. Mwanabaraka akamfunga yule binti kiganja juu ya pesa yake.

"Na mie nilinyamaza," alisema. Hakusema amemsamehe. Akaondoka.

Habari haikukaa ndani. Jioni barazani kulikuwa na watu, na kama kawaida yetu, waliokuja kutoa pole wakaishia kubishana. Hamida alisema maduka yote yanayotoza kuseti yafungiwe, simu ukiinunua iwe imekamilika. Bakari, fundi baiskeli wa jirani, akasema yeye hata kujaza upepo anatoza, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Mkono wa mtu una bei. Mwingine akasema basi bei ya kuseti ingetiwa ndani ya bei ya simu, mtu alipe mara moja asijue. Mwingine akasema ndiyo wizi wenyewe huo. Walikuwa wanasema maneno ya maana, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna aliyelitaja jina la Raudha.

Ndani, Mwanabaraka alimpigia Salma wa Ukonga, binti wa dada yake, aliyekuwa anatumiana sauti na Raudha.

"Nilikuwaga nazo, mama mdogo," alisema Salma. "Simu ikajaa, nikafuta. Nilijua wewe unazo."

Akashukuru, akakata. Bi mmoja wa jirani akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Mwingine akamwambia majuto ni mjukuu. Mjukuu Mwanabaraka hakujaliwa; majuto alijaliwa, na yalikuwa yamekaa naye mkekani.

Watu walipoondoka, Mbwana aliingia, akasimama karibu na taa. "Nifokee," alisema. "Nitukane. Ni mie."

"Nikikutukana atarudi?"

"Ungenivuta shati mara ya pili ningesikia."

Mbwana alijua ni uovu kusema vile, akasema. Mwanabaraka akainua uso. Kwa muda wa ndoa yao yote hakuwahi kumtazama mumewe kwa jicho lile, na Mbwana akatamani angepigwa.

"Nilikustahi," Mwanabaraka alisema. "Mbele ya wale watu wa makava. Sikutaka wakucheke wewe. Nimemuuza mwanangu kwa heshima yako, Baba Raudha, na wewe umeniuza kwa kicheko cha watu usiowajua." Akajifunika kanga, akageukia ukutani.

Wiki ile waliishi kama wapangaji wawili. Mwanabaraka aliamka, akakanda, akachoma vitumbua, akauza. Mbwana alipima mkaa. Mteja akitania, hakujibu mzaha. Simu mpya iliita mara mbili tatu, watu wa upatu wakiulizia, kisha ikarudishwa kwenye boksi lake.

Ijumaa iliyofuata Mbwana alirudi msikitini, wakala bila kusemezana. Mwanabaraka akatoa vyombo. Aliporudi ukumbini akamkuta mumewe amekaa kwenye mkeka, mahali ambapo hajawahi kukaa, magoti yanamkataa, kanzu imekunjamana mapajani. Redio aliiacha nje.

"Nini tena?" Mwanabaraka aliuliza.

"Kaa."

Alisita, kisha akakaa, si karibu naye.

"Ile ya wali naijua," alisema Mbwana. Alikuwa anautazama mkeka. "Zote nazijua. Nakaaga pale nje nasikiliza."

"Najua."

"Sitaki zipotee zote. Kichwa changu kinazeeka. Nikosoe nikikosea." Akakohoa, akasafisha koo, akaanza kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyeitwa mbele ya ustadhi. "Mama, shikamoo. Leo nimepika wali wa nazi. Nazi yenyewe ya kopo, mama, ungeniona..."

"Sivyo," alisema Mwanabaraka. Alikuwa amefumba macho. "Kabla ya nazi ya kopo, anacheka kwanza."

Mbwana akavuta pumzi, akajaribu kukicheka kile kicheko cha binti yake. Kilichotoka kilikuwa kikohozi cha mzee muuza mkaa. Mwanabaraka akangoja, macho bado ameyafumba, mikono ameikunja mapajani.

"Rudia," alimwambia.